Kijitabu cha Bajeti ya Wananchi: Makadirio Yanasomeka, Matokeo Yanatafutwa

Kila mwaka, baada ya Waziri wa Fedha kusoma hotuba ya bajeti mjini Dodoma mwezi Juni, Wizara ya Fedha hutoa kijitabu kinachoieleza bajeti hiyo kwa lugha nyepesi, nacho wengi tumezoea kukiita Bajeti ya Wananchi. Hupakuliwa bure kwenye tovuti ya Wizara, na kwa sisi tulio mbali na Dodoma gharama yake ni bando la intaneti, au shilingi mia kwa ukurasa ukiamua kukichapisha kwenye duka la kutoa kopi. Mimi hukisoma kwa sababu ya kazi. Natunza hesabu za nyumba za wageni na kampuni ndogo za utalii hapa Arusha, na wateja wangu hutaka kujua mapema kodi ipi imepanda, tozo ipi imefutwa na leseni ipi imebadilishiwa ada. Tathmini hii inakihusu kijitabu hicho pamoja na nyaraka zinazopaswa kukifuata, yaani zile zinazoeleza fedha zilizopatikana kweli na zilizotumika kweli, hasa katika miaka ambayo uchumi wetu ulikuwa ukiinuka baada ya UVIKO-19. Nimeichagua miaka hiyo kwa sababu ndiyo iliyotuonyesha, sisi wa mikoa ya utalii, umbali uliopo kati ya bajeti inayosomwa na bajeti inayotekelezwa.

Nianze na sifa, kwa kuwa kijitabu kinazistahili. Kiswahili chake ni safi, sentensi zake si za kisheria, na mambo ambayo hotuba huyapitia kwa saa kadhaa yamewekwa katika kurasa chache ambazo mtu mwenye elimu ya sekondari anaweza kuzimaliza jioni moja. Msomaji anapata kujua kwamba mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, kwamba matumizi ya kawaida ni yale ya mishahara, madeni na uendeshaji wa ofisi, na kwamba matumizi ya maendeleo ndiyo yanayojenga barabara, madarasa na visima. Wengi wetu tulipita shuleni bila kufundishwa mambo haya, nami nimeona watu wazima wenye biashara kubwa wakijifunza kwa mara ya kwanza kutoka humo kwamba mkopo nao huhesabiwa kuwa sehemu ya fedha za kugharimia bajeti.

Sehemu bora kabisa ni jedwali la mfumo wa bajeti, ambalo liko pia kwenye hotuba yenyewe. Chukua lile la mwaka 2022/23, bajeti iliyosomwa tarehe 14 Juni 2022. Jumla yake ni shilingi trilioni 41.48. Upande wa mapato unaonyesha kwamba mapato ya ndani, yakijumuisha kodi, mapato yasiyo ya kodi na makusanyo ya halmashauri, yalikadiriwa kuwa trilioni 28.02; misaada na mikopo nafuu kutoka kwa washirika wa maendeleo trilioni 4.65, mikopo ya ndani trilioni 5.78, na mikopo ya nje yenye masharti ya kibiashara trilioni 3.03. Ukijumlisha kwa kalamu unapata kile kile cha juu, hakuna shilingi iliyoning'inia. Upande wa matumizi, trilioni 26.48 zilikuwa za matumizi ya kawaida na trilioni 15 za maendeleo, na ndani ya yale ya kawaida kulikuwa na takriban trilioni 9.1 za kulipa deni la Serikali. Kwa ukurasa mmoja mwananchi anajua kwamba katika kila shilingi mia moja zilizopangwa, zaidi ya ishirini zilikuwa zinaelekea kwenye deni hata kabla ya mfuko mmoja wa saruji kununuliwa. Hiyo ni elimu ya uraia ya kiwango cha juu, na waliolitengeneza jedwali hilo walijua wanachokifanya.

Tatizo linaanza pale msomaji anapouliza kama mambo yalikwenda hivyo. Hotuba ya Juni husomwa kabla mwaka unaoisha haujafungwa, kwa hiyo mapitio yake ya utekelezaji huwa ya Julai hadi Aprili. Miezi miwili ya mwisho haimo, na miezi hiyo si midogo, kwani malipo ya wakandarasi na wazabuni hukimbizwa kabla ya tarehe 30 Juni kupita. Kijitabu cha wananchi nacho hufuata takwimu za hotuba. Maana yake ni kwamba nyaraka inayowafikia watu wengi zaidi, inayosomwa redioni na kujadiliwa kwenye vijiwe vya kahawa, ina makadirio kamili ya mwaka ujao na matokeo pungufu ya mwaka uliopo, na mwaka mzima wa matokeo ukishakamilika hakuna kijitabu kingine cha rangi kinachotoka kutuambia.

Katika miaka ya kawaida mtu angeweza kuvumilia, kwa kuwa makadirio na matokeo huwa hayaachani sana. Lakini tazama mwaka 2021/22. Bajeti yake ilisomwa tarehe 10 Juni 2021 ikiwa na jumla ya shilingi trilioni 36.33. Mwezi Julai tukaanza kukatwa tozo ya miamala ya simu, iliyokuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Malalamiko yakawa makubwa, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwezi huo huo wa Septemba, Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 567.25, takriban shilingi trilioni 1.3, na tarehe 10 Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mpango wa maendeleo wa kupambana na athari za UVIKO-19 kwa fedha hizo. Februari 2022 vita vikaanza Ukraine, bei ya petroli ikapita shilingi 3,000 kwa lita, na kuanzia Juni Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali. Kwa hiyo mwaka ulioanza na tozo ya kiwango kimoja ulimalizika na tozo ya kiwango kingine, mkopo ambao haukuwa kwenye hotuba ya Juni uliingia katikati, na ruzuku ambayo hakuna aliyeiwaza wakati bajeti inasomwa ikaanza kulipwa mwezi wa mwisho. Aliyebaki na kijitabu cha Juni 2021 peke yake alikuwa ameshika picha ya safari iliyobadili njia kabla haijafika mbali.

Mkopo ule wa UVIKO, kwa upande wa kutoa taarifa, ni mfano mzuri ambao ningependa uigwe. Serikali ilitangaza kwamba sehemu yake itajenga madarasa 15,000, elfu kumi na mbili ya sekondari na elfu tatu ya shule shikizi, yaani zile ndogo zinazotegemea shule mama, na kwamba kila darasa pamoja na viti na meza zake lingegharimu shilingi milioni 20. Kwa kuwa bei ya darasa moja ilitajwa hadharani, kila mzazi alikuwa na kipimo mkononi. Katika shule moja ya kata hapa jijini niliona karatasi zimebandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, zimeandikwa kwa mkono: safu ya kwanza kifaa, ya pili idadi, ya tatu bei, ya nne jina la duka, na chini kabisa malipo ya fundi na vibarua. Wazazi waliokuja kuandikisha watoto Januari 2022 walisimama wakasoma, mmoja akauliza kwa nini mchanga umenunuliwa kwa bei ile, mwalimu akamweleza kwamba lori lilitoka mbali kwa kuwa machimbo ya karibu yalikuwa yamejaa maji. Mzazi yule aliridhika, ila la muhimu zaidi ni kwamba alikuwa na cha kuuliza. Hayo ndiyo matokeo ya bajeti yaliyowekwa mahali ambapo mwenye fedha anapita.

Kijitabu hakina kitu cha namna hiyo. Niliwahi kukitumia kufundishia kikundi cha akina mama wa VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, pale Moshi, wengi wao wauzaji wa ndizi na mboga katika soko la Mbuyuni, ambao waliniomba niwasaidie utunzaji wa daftari. Tulipofika kwenye jedwali la mapato, mhazini wao, mama wa makamo mwenye kuuliza bila haraka, aliweka kidole kwenye mstari wa mapato ya ndani.

"Mwalimu, hapa wameandika watakusanya. Walikusanya?"

Nikamwambia, "Mama, huu ni mwaka unaokuja, bado haujaanza."

"Na wa mwaka jana umeandikwa wapi?"

Nikamfungulia kurasa za mapitio, nikamweleza habari ya Julai hadi Aprili. Akalisukuma daftari la kikundi mbele yangu. Kila ukurasa wake ulikuwa umegawanywa kwa mstari wa kalamu nyekundu: kushoto hisa zilizotarajiwa kwa wiki, kulia hisa zilizoingia, na pembeni sahihi ya mweka hazina na ya mwenyekiti. Alisema kwa utaratibu wao mhazini hawezi kusoma makisio ya mzunguko mpya kabla hajasoma kilichoingia katika mzunguko uliokwisha, na wanachama wote wakiwa wamekaa. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kwamba yuko sahihi.

Swali lake lina uzito zaidi wakati uchumi unainuka, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa tarakimu, maana ndipo watu wengi hupotezwa bila mtu yeyote kusema uongo. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,527,230. Mwaka 2020 wakashuka hadi 620,867. Mwaka 2021 wakawa 922,692, ongezeko la karibu asilimia 49, na ongezeko hilo lilitangazwa kwa furaha inayoeleweka. Lakini waongoza watalii wa Arusha na wapagazi wa Moshi walijua hali halisi mifukoni mwao: idadi hiyo ilikuwa sawa na asilimia 60 tu ya ile ya 2019. Mwaka 2022 waliingia 1,454,920, ongezeko jingine la takriban asilimia 58, na bado tulikuwa pungufu kwa watu zaidi ya elfu sabini ikilinganishwa na kabla ya ugonjwa. Ni mwaka 2023, kwa watalii 1,808,205, ndipo tulipovuka tulikokuwa. Asilimia kubwa kuliko zote zilitangazwa katika miaka ambayo hoteli zilikuwa bado zina vyumba vitupu.

Mapato ya kodi yalifuata mwendo unaofanana. Makusanyo ya Mamlaka ya Mapato Tanzania yalikuwa takriban shilingi trilioni 17.6 mwaka 2020/21, yakaruka hadi takriban trilioni 22.3 mwaka 2021/22, kisha yakawa takriban trilioni 24.1 mwaka 2022/23. Mwaka wa kwanza ongezeko linapita asilimia 26, wa pili linakuwa kama asilimia 8. Je, watu wa mamlaka walifanya kazi kwa bidii mwaka mmoja wakazembea mwaka uliofuata? Sivyo. Mwaka wa kwanza ulikuwa na biashara zilizofunguliwa upya, bidhaa zilizokuwa zimekwama zikapita bandarini, na utaratibu mpya wa kuwasikiliza walipakodi badala ya kuwafungia akaunti. Mwaka wa pili ulikuja na mafuta ghali, mbolea ghali na ukame. Uchumi wenyewe, kwa takwimu zilizosomwa katika hotuba za miaka hiyo, ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020, asilimia 4.9 mwaka 2021, asilimia 4.7 mwaka 2022 na asilimia 5.1 mwaka 2023, kasi ambayo haikuwa imefikia ile ya karibu asilimia 7 tuliyokuwa nayo kabla. Kijitabu kinachoonyesha mwaka mmoja tu hakiwezi kulieleza jambo hili. Kinahitaji safu ya mwaka uliotangulia, safu ya mwaka wa kabla ya janga, na kando ya kila kadirio, kiasi kilichopatikana. Bila hivyo, mwananchi atampongeza mtu kwa mvua iliyonyesha na kumlaumu mwingine kwa kiangazi.

Kwa watu wa Arusha kuna sababu nyingine ya kuyataka matokeo, nayo haijadiliwi vya kutosha. Kupitia Sheria ya Fedha ya 2020, ada na tozo za hifadhi zilizokuwa zikikusanywa na TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) zilihamishiwa kwa Mamlaka ya Mapato na kuingia Mfuko Mkuu wa Serikali, na taasisi hizo zikaanza kutegemea mgao kutoka Hazina. Sina ugomvi na wazo la fedha zote za umma kuingia kapu moja kisha kugawanywa na Bunge. Ni wazo lenye hoja. Ila kwa utaratibu huo barabara ya ndani ya hifadhi, mafuta ya gari la doria na choo cha kituo cha mapumziko vilihama kutoka kwenye hesabu ya shirika na kuhamia kwenye swali la fedha zilizotolewa na Hazina kwa wakati. Dereva anayepeleka wageni akakuta barabara imechimbika baada ya masika hawezi kuambiwa kiasi kilichoidhinishwa Juni. Anahitaji kujua kiasi kilichotolewa na mwezi kilipotolewa, kwa kuwa changarawe haiwekwi kwa fedha iliyoidhinishwa.

Tofauti hiyo, ya fedha zilizoidhinishwa, zilizotolewa na zilizotumika, ndiyo kiini cha matokeo ya bajeti yoyote. Bunge huidhinisha. Hazina hutoa, kulingana na makusanyo ya mwezi. Wizara, mkoa au halmashauri hutumia, ikiwa zabuni zimekamilika. Mradi unaweza kukwama katika hatua yoyote kati ya hizo tatu, na aliyekwamisha ni tofauti kila mara. Anayeangalia safu ya kwanza pekee atamlaumu asiyehusika.

Sasa matokeo yenyewe yako wapi? Yapo, na hilo niliseme wazi kwa haki ya Wizara. Mwezi Novemba, Serikali inapowasilisha bungeni mapendekezo ya mpango wa maendeleo na mwongozo wa maandalizi ya bajeti ya mwaka unaofuata, hutoa mapitio ya mwaka uliokwisha, safari hii ukiwa umefungwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nyaraka iliyo bora kuliko inavyotajwa: inafika miezi minne au mitano baada ya mwaka kuisha, imeandikwa kwa Kiswahili, na inalinganisha lengo na kilichopatikana. Kwa bahati mbaya inatoka wakati hakuna anayeisubiri, vyombo vya habari huipa dakika chache, na haina kijitabu chake cha lugha nyepesi. Wizara pia hutoa taarifa za utekelezaji za robo mwaka. Benki Kuu nayo, katika taarifa yake ya uchumi ya kila mwezi, huweka michoro ya makusanyo ya Serikali ikilinganishwa na makadirio kwa kila aina ya kodi; ni kazi ya uangalifu mkubwa, lakini huandikwa kwa Kiingereza, na mhazini wangu wa Mbuyuni hawezi kunufaika nayo.

Kisha kuna mahali ambapo wachache hufika, na ambapo mimi huwapeleka wanafunzi wangu wote wa utunzaji hesabu. Vitabu vikubwa vya bajeti hutolewa katika juzuu nne: ya kwanza ni ya mapato, ya pili matumizi ya kawaida ya wizara, ya tatu matumizi ya kawaida ya mikoa, ya nne miradi ya maendeleo. Kila wizara au mkoa una sehemu yake yenye namba, inayoitwa fungu. Fungua juzuu ya tatu uende Fungu 70, ndilo la Mkoa wa Arusha. La Kilimanjaro ni Fungu 75. Kila kasma, yaani mstari wa aina moja ya matumizi, ina safu tatu za fedha. Ya kulia ni makadirio ya mwaka mpya, ya katikati ni yaliyoidhinishwa kwa mwaka unaoisha, na ya kushoto ni matumizi halisi ya mwaka uliotangulia huo. Kwa hiyo anayetaka kujua ofisi za mkoa wetu zilitumia nini mwaka 2021/22, ule mwaka wa tozo na mkopo na ruzuku, anapaswa kufungua kitabu cha mwaka 2023/24. Weka rula chini ya mstari wa mafunzo, au wa posho za safari, au wa matengenezo ya magari, usome kutoka kushoto kwenda kulia. Katika mstari mmoja unaona kilichotumika, kilichoruhusiwa na kinachoombwa, na mara nyingi mstari huo peke yake huleta maswali zaidi ya hotuba nzima. Nimeona kijana wa kidato cha sita akikaa na ukurasa mmoja wa Fungu 70 kwa nusu saa bila kuinua kichwa. Ubaya wake ni uchakavu wa habari, kwani miaka miwili imepita, na vichwa vya safu vimeandikwa kwa Kiingereza cha kihasibu.

Mwisho wa mnyororo ni ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba hukabidhiwa kwa Rais na baadaye huwekwa mezani bungeni. Ripoti za mwaka 2021/22 zilikabidhiwa mwishoni mwa Machi 2023, yaani miezi tisa baada ya mwaka kufungwa. Zimegawanywa kwa Serikali Kuu, Serikali za Mitaa, mashirika ya umma, miradi ya maendeleo na maeneo mengine, na Kiswahili chake ni cha kupigiwa mfano: ukisoma habari ya malimbikizo ya madai ya wazabuni au fedha zilizokusanywa bila kupelekwa benki, unaelewa bila kamusi. Ningependa wasomaji waache tabia ya kusubiri vichwa vya habari vya siku ya kuwasilishwa kisha wazisahau. Ripoti ya Serikali za Mitaa hasa ina viambatisho vinavyotaja halmashauri moja moja, na humo mkazi wa Jiji la Arusha, Meru, Monduli au Manispaa ya Moshi atakutana na jina la kwao na kiasi kinachohusika. Tahadhari moja tu: hati inayoridhisha maana yake ni kwamba hesabu zimeandikwa kwa usahihi na kwa kufuata viwango, haina maana kwamba fedha zilitumika kwa busara. Halmashauri inaweza kupata hati nzuri na zahanati ikawa haina dawa.

Ngazi ya chini kabisa ndiyo iliyoniudhi zaidi. Utaratibu mzuri uliopo unataka mapato na matumizi yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji na mitaa, na ziko ofisi zinazofanya hivyo kwa uaminifu. Katika ofisi moja ya mtaa nilikoomba kuona taarifa ya mwaka uliofungwa, ubao ulikuwa na tangazo la chanjo, orodha ya vijana wa mafunzo, na karatasi ya mapato iliyofifia kwa jua hata tarakimu hazisomeki. Mtendaji alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akasema taarifa husomwa kwenye mkutano mkuu wa mtaa, na aliyekosa mkutano asubiri mwingine. Yeye hana kosa kubwa, kwa kuwa hakuna aliyempa karatasi ya kubandika wala wino wa kuchapishia. Lakini jambo lililowezekana kwa madarasa ya UVIKO kwenye ubao wa shule haliwezi kuwa gumu kwenye ubao wa mtaa.

Basi hukumu yangu juu ya kijitabu ni hii. Kama maelezo ya mipango ya Serikali, ni kizuri, kinasomeka, na mfanyabiashara, mwalimu wa uraia au kiongozi wa kikundi akipakue bila kusita kila mwezi Juni. Kama chombo cha kujua fedha zetu zilifanya nini, hakitoshi, na katika miaka ya kuinuka kwa uchumi kinaweza kumpotosha msomaji mwaminifu kwa kumwonyesha ongezeko bila kumwonyesha lilipoanzia. Ninachokiomba si kikubwa. Wizara iongeze kurasa mbili: moja yenye jedwali lile lile la mfumo wa bajeti kwa mwaka uliokwisha kufungwa, likiwa na safu ya makadirio na safu ya matokeo, na nyingine yenye mikoa yote kwa mafungu yake, ikionyesha fedha zilizoidhinishwa, zilizotolewa na zilizotumika. Tarakimu hizo tayari zipo, zimekusanywa na watumishi wanaolipwa kwa kazi hiyo, na hutolewa kila Novemba. Ikishindikana kuziweka kwenye kijitabu cha Juni, basi kitolewe kijitabu cha pili mwezi Desemba, wakati watu wa Kilimanjaro na Arusha wamerudi nyumbani kwa sikukuu, wana nafasi ya kusoma, na wana wazee wa kuwauliza maswali.

Kwa anayetaka kuanza mwaka huu bila kusubiri mabadiliko hayo, apakue kijitabu kwa ajili ya jedwali la mfumo wa bajeti, apakue mwongozo wa Novemba kwa ajili ya matokeo ya mwaka mzima, na achapishe kurasa za fungu la mkoa wake kutoka juzuu ya tatu. Faili la juzuu ni zito, kwa hiyo alipakue mahali penye mtandao wa kasi, na akifika kwenye duka la kopi ataje namba za kurasa anazotaka, vinginevyo atachapishiwa kitabu kizima.